Peugeot ya mzee imelala tangu 2016, na Desemba inatakiwa Butere

Swali: Fundi, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nakuru. Marehemu baba yangu alifanya kazi reli, akatuachia Peugeot 504 wagoni, ya namba zile za zamani zisizo na herufi ya mwisho. Iko uani kwetu Section 58 na haijasogea tangu alipougua mwaka 2016. Desemba tuna ukumbusho wake nyumbani Butere, na mama ameomba gari la mzee lije. Ndugu yangu anasema tununue betri, tutie petroli, tulisukume kidogo na kuondoka. Eti Ijumaa moja inatosha. Mimi nina wasiwasi, ingawa oili kwenye kijiti bado ni safi na tairi zina meno mazuri. Nianzie wapi? Litafika? Na nikiliacha kule, nililaze vipi lisiharibike tena?

Jibu: Mwalimu, pole kwa mzee, hata kama siku zimepita. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu wengi wanaoniuliza swali hili huuliza wakiwa tayari wamekwama Salgaa, simu ina chaji asilimia nne na mvua inaanza. Wewe umeuliza gari likiwa bado uani, kwa hiyo tuna nafasi ya kulifanya lipasavyo.

Kuhusu injini, ndugu yako hajakosea. Betri mpya, petroli safi, plagi zikipanguswa, huenda ikawaka hiyohiyo Ijumaa. Injini ya 504 ni ngumu kama punda, na sisi tunaozifahamu hatushangai ikiamka. Shida ni kwamba huko kuwaka ndiko kunakopoteza watu. Gari likishanguruma, ua mzima unapiga makofi, watoto wanapanda nyuma, mtu anatafuta kamera, na baada ya hapo hakuna anayetaka kusikia habari za mipira ya breki. Ndiyo maana mimi huanza upande wa pili: breki, tairi, tangi, maji, na ufunguo mwisho kabisa.

Kuna wazee watakaokwambia gari hili lilishinda Safari Rally, litashindwaje na Butere? Ni kweli, Ove Andersson alishinda Safari mwaka 1975 akiwa na 504, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na ile ya V6. Lakini yale magari hayakuwa yamelala uani na kuku wakitaga kwenye buti.

Sasa breki. Hapa nitakaa kidogo, unisamehe.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, hata gari likiwa limesimama, hata kifuniko kikiwa kimekazwa. Unyevu ule hushuka hadi kwenye kalipa za mbele, zile zinazobana pedi, na silinda za magurudumu ya nyuma, chuma kinashika kutu, pistoni zinaganda. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230. Yakishakunywa maji, kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 155, na yaliyokaa miaka kama yako yanaweza kuwa chini ya hapo. Kuchemka maana yake ni povu ndani ya bomba, na povu hubonyea. Unakanyaga breki, mguu unafika sakafuni, gari linaendelea na safari yake.

Fanya hivi. Gari lipandishwe kwenye stendi imara, si jeki peke yake, na kila gurudumu lizungushwe kwa mkono. Ya nyuma pengine yamegandana na ngoma, hasa kama mzee aliacha hendibreki juu. Msilivute gari kwa kamba ili yaachie. Mtararua viatu vya breki. Fundi agonge ngoma taratibu kwa nyundo ya mbao, alegeze skrubu ya kurekebishia breki, aivue. Silinda za nyuma zifunguliwe na kuwekwa raba mpya, na zikiwa zimeliwa na kutu zibadilishwe. Kalipa za mbele zifanyiwe hivyohivyo. Halafu mafuta yote ya zamani yatoke, mpaka yanayotoka yawe meupe kama yanayoingia.

Wakati wa kutoa hewa, mwambie anayekanyaga asipeleke pedali mpaka mwisho. Masta silinda ya zamani, ile pampu inayosukumwa na pedali, imefanya kazi sehemu ileile miaka yote. Mbele ya hapo kuna kutu na uchafu ambao raba hazijawahi kuugusa. Ukiikanyaga hadi sakafuni, raba zinapita kwenye ule mkwaruzo na kuchanika. Asubuhi breki ilikuwa nzuri, jioni inazama. Nimeona masta silinda nzima ikiuawa na mtoto wa jirani aliyeambiwa “kanyaga”.

Halafu mipira, yale mabomba laini yanayopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu. Miaka kadhaa iliyopita niliamsha pikapu ya mteja iliyokuwa imelala Lanet miaka sita. Nilibadilisha pedi, nikaweka raba mpya kila mahali, nikaweka mafuta mapya. Mipira ya breki niliimulika kwa tochi: haina ufa, haivuji, imelainika vizuri. Mipya haikupatikana dukani siku hiyo, na mteja alikuwa amesimama mlangoni na begi lake. Nikaiacha. Tukapanda wote, na karibu na Mau Summit nikahisi usukani unavuta kulia, kama mtu ameushika upande ule akining'inia. Niliposimama, rimu ya mbele kulia ilikuwa ikitoa moshi mwembamba, na tone la maji nililolidondosha juu yake likaruka kama kwenye kaango. Nililegeza ile nati ndogo ya kutolea hewa kwenye kalipa. Mafuta yakachuruzika, gurudumu likaachia papo hapo. Hapo nikajua kosa ni langu. Niliporudi gereji niliukata ule mpira kwa msumeno. Kwa nje ni mzima. Ndani ulikuwa umevimba, na tundu la katikati limebaki la kupitisha sindano. Mguu una nguvu ya kuyasukuma mafuta yapite pale, lakini ukiachilia, mafuta hayana nguvu ya kurudi, kwa hiyo breki inabaki imeshika. Kile kipande nimekitundika kwenye msumari juu ya benchi langu. Mteja akiniambia mipira yake inaonekana mizuri, namwonyesha kile.

Kwa hiyo mipira yote ya breki, mwalimu, hata kama inang'aa. Fedha zikibana, acha rangi, acha viti, acha redio.

Tairi. Meno mazuri hayasemi kitu. Tazama ubavuni, tafuta neno DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Ikisomeka 0812, tairi ilitengenezwa wiki ya 8 ya mwaka 2012. Raba huzeeka hata ikiwa haitembei, na kusimama mahali pamoja huizeesha vibaya zaidi: pale inapogusa ardhi hulala bapa, ubavu unapata nyufa ndogo kama za kisigino. Tairi ya aina hiyo hukubeba mjini bila neno, kisha inapasuka baada ya saa moja ya mwendo, ikishapata moto. Kwa gari lililosimama tangu 2016 ninabadilisha zote nne na ile ya akiba. Wagoni hutumia rimu ya inchi 14 na tairi za kubeba mzigo, kama za pikapu na matatu ndogo, kwa hiyo hamtahangaika sana kuzipata. Usiniletee mitumba. Tairi kuukuu iliyotolewa kwenye gari la mtu mwingine ni uzee uleule, umenunua tu.

Sasa nenda nyuma ukafungue kifuniko cha tangi na kunusa. Petroli ya miaka ile hainuki petroli tena. Inanuka vanishi ya fanicha. Ikimwagwa huwa na rangi ya strungi, na chini kabisa yanatoka maji na unga mwekundu wa kutu. Kuichanganya na mpya hakuifanyi kuwa mpya. Itolewe yote, tangi lishushwe, lioshwe, lichunguzwe kwa ndani. Likiwa limeota magamba ya kutu, kuchuja peke yake hakutoshi, maana kila kona utakayokata litamwaga magamba mengine kwenye bomba, na chujio linaziba ukiwa nyuma ya lori. Lipelekwe kwa wale jamaa wa jua kali wanaofanya kazi ya matangi na rejeta. Wewe na ndugu yako msilichome, wala msimruhusu mtu kulichomelea kabla halijaoshwa na kupitishwa mvuke. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa hewa yake ndiyo inayolipuka.

Na kile kipumulio cha tangi kikaguliwe. Nyigu wa udongo wanapenda sana tundu la ukubwa ule. Gari linakwenda dakika ishirini, linazima, linapumzika, linawaka tena, na fundi anabadilisha kabureta, anabadilisha pampu, kumbe ni nyumba ya nyigu.

Mipira yote ya petroli, kuanzia tangini hadi kwenye kabureta, ibadilishwe na kufungwa vibano vipya. Raba iliyokauka hupasuka pale inapokunjwa, na mpasuko ukiwa juu ya ekzosi hakuna wa kusimulia. Utapita Sachangwan, mahali ambapo tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilianguka, watu wakaenda kuchota, moto ukazuka na zaidi ya watu mia moja wakafa. Nalitaja kwa sababu kila mwaka naona gari kuukuu likipita pale na jerikeni la petroli ndani, eti kipimo cha mafuta hakifanyi kazi. Tengeneza kipimo, au hesabu kilomita. Vituo vya mafuta si haba njia nzima.

Mtu atataka kukuuzia dawa ya kuchanganya na petroli, akidai injini ya zamani inahitaji petroli yenye risasi (ledi). Petroli ya risasi iliondoka kanda yetu kufikia mwanzo wa 2006. Mzee aliliendesha miaka kumi zaidi bila hiyo. Mwambie asante.

Kabureta ifunguliwe, jeti zipulizwe, raba na gasketi ziwe mpya. Pampu ya petroli ina ngozi ndani iliyokauka. Nayo itengenezwe au inunuliwe. Haya ni mambo ya nusu siku.

Maji sasa, na hapa 504 ina tabia zake. Hedi ni ya aluminiamu, bloku ni ya chuma cha kumimina, na laina, ile mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinakaa ndani ya maji zikiwa zimezibwa kwa sili chini. Maji matupu ya mfereji hula aluminiamu kimyakimya. Yafungulie yatoke. Yakiwa mekundu na mazito, rejeta ipelekwe ikafunguliwe na kusafishwa, bloku isukumwe maji kinyumenyume mpaka yatoke safi, kisha itiwe maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu. Mipira ya rejeta, thamostati na mkanda wa feni viwe vipya. Kifuniko cha rejeta pia, na hicho usikidharau. Kule juu Mau Summit maji yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, si 100, kwa sababu ya mwinuko. Raba ya kile kifuniko ndiyo inayobana presha ili yasichemke mapema. Raba ikiwa imekufa, utachemsha mlimani hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Halafu feni. Feni ya 504 nyingi haizunguki wakati wote. Imeshikwa kwa sumaku ya umeme: maji yakipata joto, swichi inapeleka umeme kupitia kaboni ndogo, sumaku inanasa, feni inazunguka. Ikilala miaka mingi, zile sehemu za umeme hushika ukungu na haishiki tena. Hapa mjini hutagundua, maana upepo wa mwendo unatosha. Utagundua ukiwa gia ya pili nyuma ya trela linalopanda kuelekea Sachangwan kwa mwendo wa mtu anayetembea. Muulize fundi wako moja kwa moja: “Feni yangu inanasa?” Mafundi wengi wa hapa walizibana kwa skrubu ziwe zinazunguka daima. Mhandisi wa Ufaransa angeudhika, lakini kwa safari hii sina ubishi nao.

Ukiona mshale wa joto unapanda kupita pale unapokaa siku zote, simama. Si kwenye kituo kijacho, pale pale penye nafasi salama. Usifungue kifuniko, usimwage maji baridi kwenye injini ya moto. Ngoja nusu saa, mle ndizi. Hedi ya aluminiamu ikishapinda, ukumbusho wa mzee utafanyika gari likiwa Londiani.

Ulisema oili ni safi. Oili iliyotulia hujichuja yenyewe: uchafu unazama chini ya sampu, lile bakuli la oili, juu inabaki kama asali. Imwagwe yote na chujio libadilishwe kabla ya kuwasha, kisha imwagwe tena baada ya kilomita 500 hivi. Tia 20W-50 ya kawaida. Oili nyepesi za magari ya kisasa hazimfai. Inapotoka, iangalie. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, pengine kupitia zile sili za laina, na hapo msiwashe. Tena fundi akisema lazima avue hedi, hakikisha anazibana laina kabla ya kuzungusha injini hata robo. Zikinyanyuka kidogo tu, kazi ya siku moja inakuwa ya mwezi.

Fungua sanduku la chujio la hewa kabla ya mengine yote upande huo. Panya hulipenda kuliko mahali popote, kwa kuwa ni kavu, lina giza na lina karatasi tayari ya kutandika. Safari moja nilikuta humo mahindi kiasi cha kupikia githeri ya mtu mmoja. Kiota kikisalia, injini inakivuta. Fuata na nyaya. Penye kiota huwa pana waya uliotafunwa.

Haya, tuwashe.

Plagi zitoke zote, na zimezama sana kwenye gari hili, kwa hiyo fundi awe na soketi ndefu. Kila silinda itiwe oili kijiko kimoja, iachwe usiku kucha. Kesho yake weka gia huru na uzungushe injini kwa hendeli. Peugeot hizi zina tundu la hendeli pale mbele, na hendeli yenyewe huwa ndiyo spana ya magurudumu. Kama haipo kwenye buti, tazama chini ya viti. Mkono unakwambia ambacho stata haiwezi kukwambia: ikizunguka laini, vizuri, ikikwama, simama, ongeza oili, ngoja siku nyingine. Usilazimishe.

Pointi za ndani ya distribyuta, zinazokata umeme wa plagi, zisuguliwe kwa karatasi laini ya msasa na kuwekwa nafasi ya milimita 0.4. Betri iwe mpya, na ikipimwa bila mzigo isome volti 12.6 hivi. Toa waya mkuu wa koili, kisha piga stata kwa vipindi vifupi, plagi zikiwa nje, mpaka taa nyekundu ya oili izime. Sasa oili imefika kila mahali. Rudisha plagi, rudisha waya, weka kizima moto cha unga karibu, watoto wawe mbali, na upige.

Itatoa moshi mwingi, ile oili ya kijiko inaungua. Itagonga juu juu kama cherehani. Mpe dakika kumi. Moshi ukikata na kelele zikipungua, umebarikiwa. Pima chaji ya alteneta: kati ya volti 13.8 na 14.4. Kama gia zinalia na haziingii, klachi imeganda kwenye flaiwili. Zima, kanyaga pedali mpaka chini, iegemeze na kipande cha mbao kutoka kwenye kiti, uiache hivyo usiku. Mara nyingi asubuhi imeachia. Ndugu yako asijaribu ile ya kuwasha ikiwa kwenye gia ya kwanza. Ua wenu una ukuta, na ukuta una jirani.

Kwa hiyo Ijumaa moja haitoshi. Ninataka wiki tatu kati ya siku ya kuwasha na siku ya safari, na katika wiki hizo litembee. Siku ya kwanza zungukeni Section 58 na Free Area, kilomita tano tu, mrudi, mtazame chini kama linadondosha kitu. Litadondosha, sili zilizokauka huvuja siku za mwanzo, na baadhi hujirudi zikilowana. Kisha nendeni Njoro na kurudi. Wiki ya mwisho, endeni Njoro, Elburgon hadi Molo. Njia ile ina kilima cha kupima maji na feni, na mkirudi kuna mteremko wa kupima breki, nanyi bado mko karibu na gereji. Lichukueni na uzito uleule mtakaokwenda nao. Likifaulu Molo, nitakuwa na moyo nalo. Likishindwa, basi lipandishwe kwenye lori la kubeba magari lifike Butere likiwa zima. Mama aliomba lije. Hakusema lije likijiendesha.

Wiki hizohizo shughulikia karatasi. Kitabu cha gari kwa vyovyote bado kina jina la mzee. Kulihamisha kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kunahitaji barua ya usimamizi wa mali kutoka mahakamani, na hilo halimaliziki kwa Desemba moja kama hamjaanza. Bima, hata ya mtu wa tatu ya mwezi mmoja, ichukuliwe kwa kumwambia wakala ukweli kuhusu mwenye gari, ili siku ya shida wasikwambie hawakukujua. Pembetatu nyekundu mbili ziwe ndani.

Ndani ya buti weka mkanda wa feni, mpira mmoja wa rejeta wa juu, pointi na kondensa, plagi mbili, lita kumi za maji, mafuta ya breki chupa moja, waya, jeki na ubao wa kuiwekea chini. Fundi yeyote kutoka hapa hadi Luanda ya Vihiga atajua la kufanya na vitu hivyo. Vikikosekana, atakufanyia kazi ya kubahatisha.

Safari yenyewe ni kama kilomita 240: Mau Summit, Kericho, Ahero, Kisumu, Maseno, Luanda, Butere. Ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kumekucha. Taa za 504 ni za enzi zake, na Kericho hupenda kunyesha alasiri, kwa hiyo mpite pale kabla ya chakula cha mchana, na waipa ziwe na raba mpya. Kilomita 70 kwa saa inatosha. Anayekupigia honi mpishe.

Simameni Mau Summit, Kericho na Ahero, hata kama hakuna anayetaka chai. Kila mkisimama, zunguka gari na upeleke mgongo wa mkono karibu na kila rimu, bila kugusa kwanza. Manne yawe na joto linalofanana. Moja likiwa la moto kuliko mengine, breki yake inashika au bearingi yake imekauka, na hapo ndipo pa kuita fundi, si mbele. Nusa pia. Petroli ina harufu yake, breki ina yake, na maji ya rejeta yananuka kama kitu kitamu kilichoungua.

Kutoka Kericho hadi uwanda wa Nyando mtashuka karibu mita 900. Hapo ndipo mafuta ya breki yaliyokunywa maji huchemka. Ingia gia ya tatu kabla mteremko haujaanza, acha injini ilishike gari, na ukanyage breki kwa nguvu kidogo kisha uachilie, kisha tena. Usiegemeze mguu juu yake njia nzima. Ndugu yako akiendesha, kaa kiti cha mbele na utazame mguu wake. Wewe ni mwalimu, unajua kusimamia mtihani.

Maseno kuna alama ya ikweta kando ya barabara. Hapo pigeni picha, gari limestahili.

Swali lako la mwisho, la kulilaza. Mkifika, msiliegeshe likiwa na uchovu wa njia na kulisahau. Lioshwe chini, tope la barabarani hushika unyevu. Jaza tangi mpaka juu, ili pasiwe na nafasi ya hewa yenye unyevu ya kuota kutu. Liwekwe chini ya paa, mahali pakavu, si chini ya mwembe. Hendibreki iwe chini, gia ya kwanza, na mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Likipandishwa kwenye stendi ili tairi zisibebe uzito, bora zaidi. Toa waya wa betri, au betri yenyewe mpe mtu anayeitumia. Kama kuna kijana pale nyumbani wa kuliendesha kilomita kumi kila baada ya wiki mbili mpaka lipate moto kabisa, ni afadhali kuliko hayo yote. Lakini kuliwasha dakika tano na kulizima kunaliharibu tu, maana maji yanayotokana na kuungua kwa petroli yanabaki ndani ya ekzosi na kwenye oili.

Ziba mdomo wa ekzosi na tundu la chujio la hewa kwa vitambaa vyekundu, panya wa Butere si tofauti na wa Nakuru. Kisha kata kipande cha kitambaa kilekile ukifunge kwenye ufunguo, ili atakayeuchukua kutoka kwa mama miaka ijayo ajue kuna kitu cha kutoa kwanza.